Usikimbilie Kubadili Masega, Soma Namba za Moshi Kwanza

Hamjambo ndugu zangu huko nyumbani. Leo tunaangalia gari la petroli linavyopimwa moshi huku Ulaya, maana wengi likikataliwa tu wanang'oa masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba la moshi. Subirini kwanza.

Mrija wa mashine ya kupimia unaingia ndani ya bomba la moshi angalau sentimita 30. Ukiishia mdomoni unavuta hewa ya nje, namba zote zinaharibika. Injini iwe imepata moto sawasawa, oili kwenye nyuzi 80, halafu shikilia resi kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000 (RPM) kwa muda wa dakika kama tatu. Masega ya baridi hayachomi kitu. Yanaanza kazi yakikaribia nyuzi 300. Gari zima kabisa linaweza kufeli kwa sababu lilikaa limezimwa kwenye foleni.

Sasa skrini. Kwa gari lililosajiliwa mara ya kwanza baada ya Julai 2002, kama mtengenezaji hakutoa kiwango chake, CO (kaboni monoksidi, gesi ya sumu) kwenye resi ya juu isizidi asilimia 0.2, na lamda, yaani kipimo cha uwiano wa hewa na petroli ambapo 1 ndiyo sawasawa, iwe kati ya 0.97 na 1.03.

CO iko juu na lamda iko chini ya 0.97? Petroli inaingia nyingi kuliko hewa. Kagua nozeli inayovuja, presha ya mafuta, na sensa ya oksijeni. HC (petroli isiyoungua) iko juu pamoja na oksijeni? Injini inamisi, yaani kuna silinda haiwaki sawasawa: anza na plagi na koili. Hii msiichukulie poa hata kidogo, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuwakia ndani ya masega na kuyayeyusha. Ukifunga mapya bila kutibu misi, nayo yatakufa vilevile. Masega yenyewe yashuku pale CO inapokuwa juu huku lamda imetulia kwenye 1 na injini haimisi.

Kuna hii inayowachanganya hata mafundi: lamda 1.08, CO ndogo, oksijeni juu, na CO2 (kaboni dayoksaidi) imeshuka mbali na ile asilimia 14 au 15 ya kawaida. Hapo hewa inaingilia kwenye bomba. Washa injini ikiwa bado ya baridi, gari likiwa nje, vaa glavu nene, ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kilicholowa sekunde chache tu, mwenzako asikilize kwenye maungio. Panapovuja na kutoa mlio wa "sss", ndipo pa kubadili gasketi.