Aibu Ndiyo Silaha ya Tapeli

Mabibi na mabwana, jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi na nitalisema tena leo, kwa sababu bado hatujalitenda: wazee wetu wanaibiwa mtandaoni kwa kuwa wanaona aibu kutuuliza.

Tazameni kazi ya tapeli. Anampigia mzee, anajitambulisha kuwa ofisa wa benki, anamwambia kwamba fedha zake zinaibwa sasa hivi, kisha anamsihi asikate simu wala asimweleze mtu yeyote, na mwishowe anamtaka amsomee namba ya uthibitisho, yaani ufunguo wa akaunti yake, iliyoingia kwa ujumbe mfupi. Sharti hilo la kutomweleza mtu ndilo linalobeba wizi wote, maana mzee akikata simu akamuuliza binti yake, hila imevunjika papo hapo. Mbona basi haulizi? Haulizi kwa sababu mara ya mwisho alijibiwa kwa kufokewa: "Mama, si nilikueleza juzi?" Aliyefokewa kwa swali dogo hataleta kubwa, na hasara ataificha mpaka akaunti ikauke.

Wapo watakaosema dawa ni kumnyang'anya simu janja. Nawapinga kabisa. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani imeonyesha mara kwa mara kwamba, miongoni mwa wanaoripoti utapeli, vijana wa miaka 20 hadi 29 husema wamepoteza fedha mara nyingi zaidi kuliko wazee wa miaka 70 na kuendelea, ingawa mzee akipoteza hupoteza kiasi kikubwa zaidi. Kwa nini basi adhabu iwe ya mzee peke yake?

Kaeni naye, mkubaliane kwamba simu yoyote ya kuharakisha fedha ikatwe, kisha apige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yake. Asiiamini namba inayotokea kwenye kioo cha simu, kwani hughushiwa, wala sauti ya mjukuu anayelia, kwani akili mnemba huiga sauti kutokana na rekodi fupi tu.

Muda umenibana, nywila tofauti kwa kila akaunti, uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na thibitisho la pili) na kusasisha programu mnavijua, vifanyeni pamoja naye, simu ikiwa mkononi mwake. Lakini hili siliachi: fedha zikishatoka, ipigieni benki saa hiyo hiyo, kabla ya lawama yoyote, na mwonyeni mzee kwamba huenda akapigiwa tena na mtu anayedai kuzirejesha kwa ada kidogo, kwa kuwa matapeli huuziana orodha za waliokwisha kuibiwa.