Mwacheni Chini ya Kitanda

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kunialika tena. Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, na wana ruhusa ya kusinzia kwa adabu. Nitalisema hata hivyo, maana simu ni ileile kila siku: "Tumemleta mbwa jana, hataki kutoka chini ya kitanda, tufanyeje?" Jibu langu: msifanye kitu. Tokeni chumbani.

Watu hawalipendi. Mtu kanunua mabakuli, godoro, na mpira unaolia ukiung'ata, halafu unamwambia akae tu!

Hebu tazameni kidole gumba hiki. Mlio mbele mnaliona kovu? Nililipata kwa mbwa wangu wa kwanza, na kosa lilikuwa langu tupu. Nilimchukua akiwa na miaka kama minne, kwa watu waliokuwa wakihama. Siku hiyohiyo nikamwogesha, nikaita majirani waje kumwona, watoto wakapanga foleni ya kumkumbatia. Mbwa akapiga miayo. Nikasema kachoka na safari. Akajilamba midomo, nikasema ana njaa. Akageuza kichwa, jicho limebaki kwa mtoto, weupe wake wote nje. Yaani ameshaniambia mara tatu kwamba amezidiwa, na mara tatu mimi namjibia! Akajichimbia chini ya kitanda. Nikaingiza mkono nimvute kwa ukosi. Mengine kidole kinaeleza.

Alikaa mle siku tatu. Nilichofanya baada ya kufungwa bendeji ndicho ninachowahubiria leo: nikamsogezea maji na chakula, mlango nikauacha wazi, na jioni nikawa najilaza sakafuni, nimempa mgongo, nasoma gazeti. Simwiti, simtazami. Usiku wa tatu nikahisi pua mbichi kisiginoni. Pumzi mbili tatu, akarudi zake. Sikugeuka, ingawa nilitamani kupiga vigelegele. Kesho yake alininusa mpaka gotini.

Kuna bwana pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unalotaka kusema: mbwa ni mbwa, atazoea tu. Kweli, atazoea. Atazoea nini? Ukimvuta, atajua kwamba mkono wako ni wa kuogopwa, na kwamba kujilamba midomo hakumsaidii, dawa ni meno. Na wewe mama unayesema anahitaji mapenzi, mpe. Siku ya kwanza mapenzi ni kumwacha. Wanaotunza mbwa waliotelekezwa wana kipimo chao: siku 3 za kutulia, wiki 3 za kuzoea ratiba ya nyumba, miezi 3 ya kujiona yuko kwake. Si amri, wapo wanaotulia kwa juma moja, wapo wanaohitaji mwaka. Lakini humtuliza mwenye pupa.

Kwa hiyo kabla hajafika, mtengenezee kona yake, mbali na mlango na runinga. Weka godoro na, ukiweza, kitambaa chenye harufu ya alikotoka. Waambie watoto: akiwa konani, haguswi. Na wageni pia. Na shemeji anayesema "mimi mbwa wananipenda", huyo hasa.

Mwenyekiti anatazama saa, basi nakimbia. Chakula: endeleeni na alichokuwa akila, mbadilishe kidogo kidogo kwa siku kama 7, la sivyo mtapiga deki usiku. Ficheni chokoleti, zabibu, vitunguu, na peremende zisizo na sukari: nyingine zina zailitoli, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi na inaweza kumuua. Nyaya za umeme ziinueni. Mtoto wa mbwa wa miezi 2 habani mkojo zaidi ya saa mbili hivi, msimfokee. Mtoeni nje akiamka, akila, akimaliza kucheza. Chanjo na kichaa cha mbwa vina mhadhara wao, mtaniona tena. Uzio nimeuruka, nisameheni.

Haya, maswali. Bwana wa nyuma, simama, usione haya. Mbwa wako anaitwa nani, na yuko chini ya nini?