Kiti cha boriti na namba ambazo programu haikuulizi

Habari za asubuhi. Foleni ya leo naiona nyusoni mwenu, kwa hiyo nitaanza taratibu.

Ukifungua dirisha la viungo na kuchagua kiti, iwe ni kwenye Tekla, SDS2 au Advance Steel, programu zetu za kuchora majengo ya chuma, picha inakuja nzuri mno. Engo, kile chuma chenye umbo la L, imekaa, bolti zimejipanga, kila kitu kimenyooka. Picha hiyo ndiyo inayotuponza. Programu inachora ulichoandika, na ulipoacha wazi inajaza namba yake kimyakimya. Leo tuzifukue namba chache za aina hiyo. Moja nitaikalia sana.

Kwanza tukubaliane kiti ni nini. Ni kipande cha engo: mguu mmoja umesimama na kushikana na nguzo, mwingine umelala kama kibao cha rafu. Boriti inashuka kutoka juu, flanji yake ya chini, yaani ubavu wake uliolala, inakaa pale. Mzigo ukizidi, kibao kinapigiwa bamba la kukitegemeza kwa chini. Basi.

Na kwa nini watu wanakihangaikia? Muulize fundi anayekaa juu ya nguzo. Boriti mbili zinapokutana kwenye webu ya nguzo, lile bamba la katikati linalounganisha flanji mbili, moja kila upande, mara nyingi zinatumia bolti zilezile. Ukitaka kufunga ya pili lazima ulegeze ya kwanza, na wewe umekaa juu yake. Marekani, kanuni za OSHA, wakala wa usalama kazini, za mwaka 2001 zinadai walau bolti moja ibaki imekazwa kwenye boriti ya kwanza, isipokuwa kama kuna kiti au kitu cha kufanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo kiti ni pumzi ya mtu yule. Boriti imeshakaa, anashika spana bila papara.

Sasa namba yenyewe: mwanya. Ni ile nafasi kati ya uso wa nguzo na mwisho wa boriti. Kwenye programu utaandika 12.7, yaani nusu inchi, na mchoro utatoka hivyo. Lakini boriti inaweza kufika ikiwa fupi kidogo, hivyo mwongozo wa AISC, taasisi ya ujenzi wa chuma ya Marekani, unataka hesabu ifanywe kwa robo tatu ya inchi, milimita 19. Unachora 12.7, unahesabu kwa 19. Milimita sita tu, mtu atasema, si kitu.

Tuione hiyo si kitu. Boriti ni W16x31, yaani ya kimo cha karibu inchi 16, ya chuma chenye nguvu ya megapaskali 345, webu yake unene wa milimita 7. Mwisho wake unashusha kilonyutoni 160. Engo ni ya miguu ya milimita 102, unene 9.5, urefu wa kipande 203, chuma cha megapaskali 250. Webu tunaipa milimita 21.4 za kukalia ili isipondeke wala kujikunja, na mzigo tunauchukulia unatua katikati ya hizo 21.4. Mguu uliolala tunaupima kwenye mstari ulio milimita 9.5 mbele ya uso wa mguu uliosimama.

Kwa mwanya wa 12.7, umbali kutoka mstari huo hadi mzigo unapotua ni milimita 4.4. Momenti, yaani nguvu ya kuukunja mguu, inakuwa kilonyutoni-mita 0.70. Engo yetu inamudu 1.03. Programu inaonyesha rangi ya kijani, unaenda kunywa chai. Weka 19: umbali unakuwa 10.7, momenti inaruka hadi 1.71. Nyekundu! Engo ileile, boriti ileile. Dawa ni engo nene zaidi, na ukifika milimita 12.7 inapita. Kwa hiyo kabla hujaiamini ile kijani, tafuta programu yako imehesabu kwa mwanya upi: uliouchora, au wa hesabu? Kwenye programu nyingine hayo ni masanduku mawili tofauti, na la pili limejificha.

Kuna pia engo ndogo ya juu, ile inayoshika boriti kwa juu. Vijana wanaipenda kuinenepesha, sijui kwa nini. Haibebi mzigo. Kazi yake ni kuzuia boriti isilale ubavu, na inatakiwa iwe laini kidogo ili mwisho wa boriti uweze kuzunguka. Milimita 6 zinatosha mara nyingi. Ukiifanya nene na kuichomelea pande zote, umetengeneza kiungo kigumu ambacho mhandisi hakukihesabu.

Na hapa nikiri. Miaka ya nyuma nilichora bohari moja, nikahifadhi mipangilio ya kiti na kuimwaga kwenye boriti zote kwa mkupuo mmoja. Sanduku la "karakana au saiti" la engo ya juu sikuligusa. Karakana ikachomelea kiti na engo ya juu, vyote kwenye webu ya nguzo. Siku ya kusimamisha, boriti inaning'inia kwenye kreni, fundi ameishika kwa kamba, anaangalia chini, anaangalia juu. Iingilie wapi? Juu kumezibwa, pembeni flanji za nguzo zimekaa kama kuta. Akaniita, "Injinia, hii tuipitishe kwa tundu la sindano?" Asubuhi nzima ikaishia kwenye grainda, na kreni ikilipiwa kwa saa. Engo ya juu iende saiti ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye boriti au imelegea kabisa.

Jambo la usawa nitalipita haraka. Kiti kinashika boriti kwa chini, ila sakafu inapimwa kwa juu. Kimo cha boriti kikitoka kiwandani kikiwa kimezidi au kupungua kwa milimita 3, tofauti yote inajitokeza juu. Panapohitaji usawa mkali, acha nafasi ya vipande vya kusawazishia.

Dada pale mbele anauliza kwa nini basi tusiweke kiti kila mahali. Swali zuri. Kwa sababu kinaning'inia chini ya boriti, na chini ya boriti kuna mabomba, nyaya na msanifu anayetaka dari yake. Uingereza, miongozo yao ya viungo vya kawaida inazungumzia zaidi mabamba ya mwisho, yaani yanayochomelewa mwisho wa boriti, na mabamba ya pezi (fin plate), yanayochomelewa kwenye nguzo na kufungwa bolti kwenye webu ya boriti. Kiti kwao mara nyingi ni cha kumsaidia fundi wakati wa kusimamisha tu. Mimi nakiweka kwenye webu ya nguzo, ambako spana haina pa kuzungukia.

Haya, fungueni modeli ya pili. Nguzo ya kona, boriti mbili, na upana kati ya flanji ni milimita 180. Kiti nimekiwekea urefu wa 203. Programu haijalalamika. Nani ataniambia kitaingiaje?