Asubuhi ya Januari Hupikwa Juni

(Mhadhara kwa wajasiriamali wadogo, Tabora mjini)

Mwangaluka! (Ukumbi: Mwangaluka!)

Ahsanteni. Mwenyekiti, shikamoo. Mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu hamjambo. Na nyie vijana wa bodaboda mliojibanza mlangoni, ingieni, viti vipo, abiria watawapigia simu.

Nimeombwa nizungumzie biashara ndogo za msimu. Nimekubali kwa sharti moja: nianzie jikoni, kwenye chai ya asubuhi. Nimefundisha sayansikimu mpaka nikastaafu, kwa hiyo mtanivumilia.

Tuchukue asubuhi ya Januari. Shule zimefunguliwa. Mvua imenyesha usiku kucha, mkaa umelowa, kuni zinatoa moshi bila moto, na wewe unataka uwahi palizi kabla jua halijawa kali. Huyu anatafuta soksi, yule anatafuta daftari, baba mtu anauliza chai iko wapi kana kwamba chai ndiyo iliyompotea. (Kicheko.) Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu yako shambani, yamekufika magotini. Bei ya unga usiniulize. Unafanya nini? Unampa mtoto sarafu akanunue andazi njiani, aende. Simsemi vibaya muuza maandazi, amekaa mstari wa mbele na ni mwanafunzi wangu. Lakini andazi moja na maji halimfikishi mtoto saa saba mchana akiwa bado anamsikia mwalimu.

Sasa tuchukue asubuhi ya Juni. Mvua ilishakata. Karanga zimeng'olewa, viazi vitamu vimejaa, kuni zimekauka, jembe liko darini. Juni tunacho chakula, tunao moto, tunao muda. Januari hatuna hata kimoja katika hivyo vitatu. Na ni Juni hiyo hiyo tunayouza viazi barabarani kwa bei ya kutupa, vikijazwa lumbesa mpaka gunia linaota kichwa cha pili. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wewe unajua, mnunuzi anajua, na gunia linapanda kwenye fuso hivyo hivyo. Kisha Januari tunarudi sokoni na kikapu, kununua chakula kwa bei ya mwenye nacho. Hilo ndilo nililokuja kusema. Yanayofuata ni namna ya kulitengeneza.

Bibi zetu hawakuuza viazi vyote vibichi. Walitengeneza michembe na matobolwa. Najua wote hapa mmekula, ila vijana wengi hawajawahi kutengeneza, kwa hiyo nieleze.

Kwa michembe, viazi huanikwa juani siku mbili tatu vinyauke kidogo, vinakuwa vitamu zaidi. Vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa vikiwa vibichi mpaka vivunjike kama kuni kavu. Kwa matobolwa, unachemsha kwanza, unamenya, unakata, ndipo unaanika. Watu wanadhani ni kitu kimoja kwa sura mbili. Kazi zake ni tofauti kabisa. Michembe ni chakula cha sufuria: lazima uichemshe, na ukiungia karanga za kutwanga ni mlo kamili wa jioni. Matobolwa yalishaiva tangu Juni. Mtoto anachukua mkononi, anatafuna na chai, anatoka. Mwenye meno mabovu anayalowanisha usiku. Yaani moto wa Januari ulishawashwa Juni, wakati kuni zilikuwa kavu na wewe una nafasi. Mkinitafutia kifungua kinywa cha haraka kuliko hicho kwenye duka lolote la mjini, nitawaachia maikrofoni hii.

Ongeza karanga za kukaanga. Kiazi kinatia nguvu, karanga inatia protini na mafuta, na mafuta ndiyo yanayomfanya mtoto asihisi njaa mapema. Kama una viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina vitamini A. Hivyo msivianike juani moja kwa moja, kwa sababu jua kali huipunguza vitamini hiyo. Vifunikeni kitambaa chepesi au vianikwe kivulini penye upepo. Upepo wa Juni hapa kwetu unakausha hata kauli ya mtu.

Mbona tuliacha? Tuseme ukweli. Michembe ilipewa jina baya, chakula cha njaa, chakula cha shamba. Binti akiolewa mjini anaficha. Mkate wa slesi ukiwa mezani mgeni anaonekana kaheshimiwa, matobolwa yakiwa mezani mama mwenye nyumba anaanza kuomba radhi. Mimi siombi radhi, na mgeni wangu wa Dodoma, mtani wangu Mgogo, alikula sahani nzima huku akinitukana kwamba Wanyamwezi tunakula gome la mti. Alipoondoka aliomba za kubeba. (Kicheko.)

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya kipato. Tumbaku ina chama cha msingi, ina madaraja, ina mnunuzi, ina mkutano. Michembe haina mkutano. Ni mali ya mama, haiandikwi popote, kwa hiyo kwenye hesabu ya nyumba inahesabika kama haipo. Ila mwaka malipo ya tumbaku yakichelewa, nani hulisha nyumba ile? Nawaangalia kina baba, hawaniangalii.

Twende kwenye hesabu, maana biashara bila hesabu ni mazoezi ya viungo. Kiazi kibichi sehemu kubwa ni maji. Kilo 100 ukishamenya, ukakata, ukakausha vizuri, usitegemee kuzidi kilo 30, na mara nyingi utapata pungufu. Kwa hiyo anayeuza kilo moja ya matobolwa kwa bei isiyofika ya kilo nne za viazi vibichi amefanya kazi bure, na kuni zake kaziunguza bure. Nunueni mzani mdogo, hata kwa kuchanga. Sado, kile kindoo cha kupimia sokoni, inadanganya: vipande vikubwa huacha nafasi katikati, mnunuzi anatikisa, wewe unaongeza, anatikisa tena.

Na msiuze Agosti. Agosti kila nyumba inayo. Tunza mpaka Desemba na Januari, watu wanaponunua chakula na wewe unatafuta hela ya sare na daftari. Ada ya shule za serikali ilishafutwa kwa msingi na sekondari, lakini viatu havikufutwa.

Nikae kidogo kwenye karanga, hapa sitacheka. Karanga iliyonyeshewa, iliyovunwa ikarundikwa mbichi, inaota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa chakula chenye sumu hiyo. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, inaharibu ini. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi. Sasa kuna tabia nimeiona sokoni na siipendi: mama anachambua karanga, nzuri anauza nzima, zilizosinyaa na zenye ukungu anazisaga, anauza unga wa kuungia mboga. Unga haumwonyeshi mnunuzi kitu. Mnunuzi huyo anamlisha mtoto wa miezi minane kwenye uji. Zilizooza zichomwe au zifukiwe. Hata kuku asipewe.

Sasa maembe. Kila nikizungumza mahali, kuna anayesema, "Mwalimu, tukaushe maembe, yanaoza bure." Ni kweli yanaoza. Miembe hapa ni ya tangu misafara ya Unyanyembe, ule utawala wa kale wa hapa Tabora, na ikifika Desemba unatembea juu ya embe. Lakini jiulizeni kwa nini bibi aliyekausha viazi, uyoga na mboga za majani hakukausha embe. Hakuwa mvivu. Kiazi kinakomaa mvua inapoondoka, embe linaiva mvua inapoingia. Ukianika embe Desemba juu ya mkeka, asubuhi lina jua, saa nane lina mvua, kesho lina ukungu na nzi. Embe lina sukari na maji mengi, halisubiri.

Kwa hiyo biashara ya embe kavu inataka kikaushio: sanduku la mbao lenye nailoni angavu juu, wavu ndani, matundu chini na juu hewa ipite. Fundi seremala wa mtaani analiweza. Hata hivyo siku za mawingu kazi inasuasua, itabidi ukate vipande vyembamba sana na uingize kidogo kidogo. Ushauri wangu, na mnaweza kukataa: mwaka wa kwanza tengeneza kikaushio Juni, ukijifunzie kwa viazi na mboga wakati kosa halina gharama. Desemba ndipo uingize embe. Vikundi vingi vinaanza na embe kwa sababu ndilo linaloonekana linaoza, na kikaushio kinaishia kuwa banda la kuku.

Asali nitaipita haraka, wafugaji nyuki wa Sikonge na Urambo wanaijua kuliko mimi, na chuo cha nyuki kipo hapa hapa Tabora. Neno moja tu kwa wauzaji. Asali ikiganda mwezi wa sita kwa baridi, wateja wanasema umetia sukari. Hujatia. Asali safi nyingi huganda, ni sukari yake ya asili. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, irudi. Usiichemshe ili kumfurahisha mteja, unaua harufu ya miombo aliyoilipia. Inayochacha ni ile iliyovunwa mbichi, masega hayajafunikwa. Maji yakizidi asilimia 20 mwite mnunuzi haraka kabla haijawa pombe.

Jambo la mwisho kabla ya maswali. Reli ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, Mwanza 1928, na tangu hapo kuna watu wanaolea familia kwa dirisha la treni. Treni ikisimama, sinia kichwani: maembe, karanga, asali kwenye chupa, kuku wa kuchoma. Hesabu inafanyika mbio, chenji inarushwa. Lakini treni ya umeme inayokwenda Dodoma tangu 2024 madirisha yake hayafunguki, abiria amekaa ndani kwenye ubaridi. Reli hiyo inajengwa kuja kwetu. Siipingi, nitaipanda na mimi. Nawauliza tu wenye masinia: abiria asipofungua dirisha, karanga zako zitamfikiaje? Zitamfikia zikiwa zimefungwa, zina jina, zina tarehe, ziko kwenye kibanda cha stesheni au ndani ya behewa. Hapo ndipo SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, wanapohusika. Ofisi ya SIDO ya mkoa ipo, nendeni mkiwa kikundi, mwulize kuhusu ufungashaji na alama ya ubora kwa wajasiriamali wadogo. Msisubiri treni ifike ndipo mtafute mifuko.

Maswali. Ndiyo, dada mwenye kitenge cha njano.

(Swali: mtaji.)

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ilisimamishwa 2023, imerudi. Nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Iombeni. Ila kabla ya kusaini, tazameni marejesho yanaanza lini. Ukikopa Juni kununulia viazi, na mauzo yako ni Desemba, rejesho la Julai utalitoa wapi? Utauza matobolwa Agosti kwa hasara ili ulipe. Semeni mapema: biashara yetu ni ya msimu, tunaomba muda wa kupumua. Ofisa akikataa, kopeni kiasi kidogo, au anzeni na viazi vya shambani kwenu.

Mzee pale nyuma. Shikamoo baba.

(Swali: michembe kutobolewa na dudu.)

Marahaba nikuachie wewe, mzee, swali ni zuri. Dudu huingia kwa sababu mbili: haikukauka sawasawa, au imewekwa kwenye gunia linalopumua. Ivunje kipande: kikipinda, rudisha juani. Ikikauka, iache ipoe kivulini kwanza, ukifunga ikiwa na joto inatoa jasho. Halafu weka kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, au mifuko ile ya nailoni mbili ndani. Kila mwezi fungua siku ya jua kali, chungulia, anika tena. Ikishatobolewa usiuze. Chekecha, anika, ipike nyumbani mapema, na unga unaobaki wape kuku.

Nimeambiwa kuna mama kaja na sampuli ya matobolwa ya mwaka jana. Alete hapa mezani tuyavunje tuone, kabla Tanesco hawajatukatia umeme.