Sukari ya Asubuhi na Ini Lisilolala

Mazungumzo na wagonjwa wa kisukari na jamaa zao, Lindi mjini

Shikamooni wazee wangu. Na vijana, hamjambo. Waliokaa juani wasogee huku kwenye kivuli, maana mimi nikishika maneno sijui kuyaachia.

Nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka 30, na huu ni mwaka wa 8 naishi na kisukari mwenyewe. Mwezi wa kwanza nilipopata mashine ya kupimia nyumbani, jioni moja nilikula kwa adabu kabisa: kisamvu, kipande cha changu, ugali wa kujaa kiganja tu. Kabla ya kulala nikapima, 7.1, yaani milimoli kwa lita moja ya damu, kipimo cha mashine zetu. Nikalala nimefurahi. Alfajiri nikapima tena: 9.4. Nikamwamsha mume wangu nikamuuliza kama amenilisha kitu usingizini. Mnacheka, lakini wangapi hapa mmeshagombana na wake zenu kwa sababu ya ile namba ya asubuhi? Haya, nimeona mikono.

Nilikosea jambo moja, nalo ndilo lililonileta hapa. Nilidhani namba ya asubuhi ni hesabu ya chakula cha jana. Ukila saa 1 usiku, ikifika alfajiri kile chakula kimeshapita. Inayosomwa na mashine muda ule, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya ini.

Kwetu Kusini jambo hili ni rahisi kulieleza, kwa sababu kila nyumba inajua stakabadhi ghalani. Korosho zinakusanywa, zinaingia ghalani, na hazitoki mpaka itoke amri. Sasa ini ni ghala la sukari. Ukila, sukari ya ziada inahifadhiwa humo. Usiku umelala, huli, lakini ubongo unaendelea kudai posho yake, basi ini linatoa kidogo kidogo. Mwenye funguo ni insulini, inayotoka kwenye kongosho. Yeye ndiye anayesema: basi, inatosha, funga.

Kwa sisi wa kisukari cha aina ya pili, ini limekuwa na uziwi. Insulini inasema funga, ini linasikia nusu. Mali inatoka usiku kucha. Halafu ikifika kama saa 9 usiku, mwili wa kila binadamu unaanza kutoa homoni za kumwandaa kuamka, kotisoli na nyinginezo, na hizo nazo zinaliamuru ini lifungue mlango. Asiye na kisukari, kongosho lake linaongeza insulini kidogo na mambo yanakwisha bila yeye kujua. Mimi na wewe tunaamka na 9.

Ndiyo maana metformini, hii dawa wengi wenu mnaitumia, kazi yake kubwa iko kwenye ini, kulizuia lisimwage sukari ovyo. Kuna mzee aliniambia kidonge chake cha jioni hakimezi, kwa kuwa "usiku sili kitu, nimeze cha nini?" Mzee wangu, ghala halijifungi kwa sababu mwenye mali amelala!

Sasa utajuaje kama kosa ni la ini au ni la sahani? Pima mara mbili: unapokwenda kulala, na unapoamka. Kama ulilala na 12 ukaamka na 12, usilisingizie ini, tazama sahani. Hapo ndipo naukuta ugali wa muhogo. Watu wananiambia, "lakini muhogo hauna utamu." Muhogo mkavu karibu wote ni wanga, na wanga ukishafika tumboni ni sukari. Ming'oko, ile mizizi tunayochimba porini, ni hivyo hivyo. Sikukatazi, mimi mwenyewe nimezaliwa na ming'oko mdomoni. Nakwambia ukubwa wa tonge, na saa ya kula.

Kama ulilala na 7 ukaamka na 10, hapo ndipo ini linapoulizwa. Lakini usikimbilie. Siku mbili tatu weka saa ikuamshe saa 9 usiku, upime. Ukikuta 7, ni ile amri ya alfajiri. Ukikuta 3, basi dawa ya jioni au insulini imekuzidi, na hilo ni la kumpelekea daktari siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Dalili zake nyingine ni shuka kulowa jasho, ndoto za kukimbizwa, na kichwa kuuma unapoamka. Watu wengine wakiona hivyo wanasema wamelogwa. Pima kwanza.

Iwapo vitepe vya kupimia ni vichache, na najua vinauzwa ghali, mimi napendelea upime jozi hizo za usiku na asubuhi siku tatu au nne mfululizo katika wiki ya kliniki, kuliko kupima kila Jumatatu asubuhi mwaka mzima na kuandika namba zisizo na mwenziwe. Wanaojidunga insulini hawamo katika hesabu hii, wao kipimo ni cha kila siku.

Vijana hamjui tulikotoka. Nilipoanza kazi tulikuwa tunachemsha mkojo na dawa ya Benedict kwenye kichupa juu ya moto. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Kijani, ipo kidogo. Ikifika rangi ya tofali, tunaitana. Na bibi zetu kabla yetu walitazama sisimizi chooni. Ubaya wa mkojo ni kwamba sukari haimwagikii huko mpaka damu ipite kama 10, na mkojo wa asubuhi umekusanyika usiku kucha, kwa hiyo unakupa habari za zamani. Kwa hiyo mtu mwenye 9 kila asubuhi alikuwa anaambiwa yuko salama.

Turudi kwenye namba. Kwa wengi wetu, kabla ya kula, tunataka iwe kati ya 4.4 na 7.2. Mzee wa miaka 80 mwenye maradhi mengine, daktari anaweza kumwachia mpaka 8 na kitu, kwa sababu kwake kushuka ni hatari kuliko kupanda. Chini ya 3.9 usiandike daftarini kwanza: koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, ngoja dakika 15, pima tena. Na kama ndugu yako amekuletea mashine kutoka Marekani ikasema 140, usizimie. Kipimo chake ni kingine, miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18, utapata 7.8.

Wala usigombane na nukta. Mashine hizi zinaruhusiwa kupishana na maabara kwa asilimia 15 hivi. Kati ya 7.2 na 7.7 hakuna habari yoyote. Tazama wiki inaelekea wapi.

Kisha hii ya "sijala". Sijala maana yake muda wa saa 8 bila kitu chochote isipokuwa maji. Chai ya rangi yenye kijiko kimoja cha sukari ni chakula, mama, hata kama umeinywa umesimama. Upande wa pili kuna wanaozidisha. Mtu anatoka kijijini saa 10 alfajiri, amepanda bodaboda kisha basi, amemeza glibenklamaidi yake, kidonge cha kushusha sukari, bila kula, anapimwa saa 4 asubuhi. Huyo hatuletei sukari ya asubuhi, anatuletea jeneza. Dawa ya vidonge ya asubuhi ibebe pamoja na muhogo wako wa kuchemsha. Ukishapimwa, kula, umeze. Wa insulini waulize kliniki mapema.

Na wale mnaojinyima siku tatu kabla ya kliniki ili daktari afurahi, tunawajua. Kuna kipimo cha HbA1c kinachosoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama siku 120. Kinatoa wastani wa miezi miwili mitatu. Daftari lako linasema 6, chenyewe kinasema asilimia 11. Nani tumwamini?

Swali la bibi pale: Ramadhani je? Mashehe wengi wameshasema kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Pima mchana pia, siyo baada ya futari tu. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua.

La mwisho, vidole. Msimu huu wa korosho nilipima mama mmoja nikapata 19. Mzima, anacheka, hana kiu. Nikanusa mkono wake: mabibo! Alikuwa anakamua tangu alfajiri. Akanawa kwa sabuni, akakausha, nikapima tena: 8. Spiriti peke yake haitoshi kuondoa utamu wa tunda kwenye kidole, maji na sabuni ndiyo dawa. Tone litoke pembeni mwa ncha ya kidole, hapaumi sana, na usiminye kidole kama unakamua nazi. Vitepe vikae kwenye kichupa chake, kifuniko kimebanwa. Joto na unyevu wa pwani yetu huviharibu, na friji si mahali pake.

Waliokuja na mashine zao wazitoe sasa, tuzitazame moja moja. Ndoo ya maji na sabuni viko pale mlangoni. Waliotoka kukamua mabibo watangulie.