Jina Lako kwa Herufi Zipi? Karatasi za daktari bingwa anayetafuta kazi Ghuba

ZUHURA: Sauti imenikauka leo. Jumanne na Jumatano nimeshinda kwenye simu na masijala ya chuo kimoja, kwa ajili ya faili la daktari bingwa wa watoto anayekwenda Dubai. Ripoti ya uhakiki imerudi na neno "haikuthibitika". Cheti ni halali kabisa. Aliyeulizwa ndiye hakuwa na jina lake daftarini.

OMARI: Dada Zuhura, hata karibu hatujasema.

ZUHURA: Karibuni, wanatujua. Omari ana hatua sita kwenye daftari lake: namna daktari bingwa anavyopata kazi Ghuba ambayo mwajiri ndiye kafili, yaani mdhamini wa viza. Haya, anza ya kwanza.

OMARI: Ya kwanza ni uhakiki kwenye chanzo. Wengi mnalijua jina DataFlow, kampuni inayofanya uhakiki huo. Unapakia picha za rangi za vyeti asilia, pande zote mbili, pasipoti, na hati ya idhini uliyoitia saini kwa mkono. Wao hawakuulizi wewe tena. Wanaliuliza chuo, wanaliuliza Baraza la madaktari lililokupa leseni, wanamuuliza mwajiri wako wa zamani. Majibu yanaweza kuwa chanya, hasi, au hilo la "haikuthibitika", ambalo mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyejibu, au aliyejibu hakukukuta kwenye kumbukumbu zake.

ZUHURA: Na hapo ndipo watu wanapoumia bure. Kwenye fomu unachagua mamlaka iliyotoa cheti. Chukua Muhimbili. Kuanzia 1991 mpaka 2007 ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. MUHAS kama chuo kikuu kinachojitegemea ilianza 2007. Sasa mtu amehitimu 2004, amesomea majengo yaleyale, anachagua MUHAS, na huku cheti chake kimetolewa kwa jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Soma jina lililo juu ya cheti. Usiandike jina la mahali ulipokaa darasani.

OMARI: Na mwenyewe uandike jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Twende ya pili.

ZUHURA: Kwa herufi zipi?

OMARI: Vipi?

ZUHURA: Jina lako. Kwa herufi zipi? Wewe Omari, kwenye kitambulisho cha Kenya ni nani?

OMARI: Omar. Bila i.

ZUHURA: Na cheti cha kidato cha nne?

OMARI: ...Omari. Haya, tukae hapo kidogo.

ZUHURA: Tukae, maana huku kwetu pwani na bara jina ni la kusikia, karani anaandika alivyosikia. Hamisi, Khamis. Saidi, Said. Mohamedi ana sura tano. Halafu mpangilio. Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu. Pasipoti inachukua la babu inaliweka kwenye kisanduku cha jina la ukoo. Chuo kiliandika majina yote matatu. Baraza likafupisha la kati likabaki herufi moja na nukta. Mhakiki amekaa na karatasi tatu, na kila moja ina mtu wake.

OMARI: Na wanawake walioolewa wakabadili jina baada ya shahada ya kwanza. MD ya kwanza ina jina la baba, MMed ya ubingwa ina jina la mume, leseni ina yote mawili na kistari katikati.

ZUHURA: Kistari! Kuna mifumo ya maombi inayokataa kistari kabisa.

OMARI: Basi tuseme dawa yake. Kuna karatasi mbili na watu wanazichanganya. Hati ya kiapo ya majina unaapa mbele ya wakili, ukisema Asha Juma Hamisi, Asha J. Hamisi na Asha Khamis ni mtu mmoja. Haibadilishi jina lolote, inaunganisha tu. Dipoli inabadilisha. Unaliacha jina moja na kushika jingine. Kwetu Kenya inasajiliwa kisha inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kwenu Tanzania inakwenda kwa Msajili wa Hati. Ukishafanya dipoli, pasipoti na kitambulisho vyote lazima vifuate.

ZUHURA: Na shahada haifuati. Chuo kwa kawaida hakikuchapii shahada upya kwa sababu umeolewa. Ndiyo maana nawaambia madaktari: ukibadili, badili kuelekea jina la shahada, si kulikimbia. Na ile hati ya kiapo ipakie pamoja na kila cheti ambacho jina lake halifanani na pasipoti. Usingoje kuulizwa.

OMARI: Halafu kule mbele kuna Kiarabu. Kibali cha kuingia na kitambulisho cha ukaazi vina jina kwa Kilatini na kwa Kiarabu. Hamisi wetu akiandikwa kwa Kiarabu anarudi kuwa Khamis, kwa khaa kabisa. Hilo lisikutishe. Ila usianze na wewe kujiandika Khamis kwenye benki au mkataba kwa sababu umeliona limependeza. Kwa Kilatini fuata pasipoti.

ZUHURA: Kwa herufi za pasipoti. Umeona, sasa unajibu mwenyewe.

OMARI: Nimekuwa mwanafunzi wako. Na Prometric, wasimamizi wa mtihani wa leseni?

ZUHURA: Prometric ndiyo kali kuliko wote. Jina ulilojiandikishia mtihani na jina la kitambulisho unachoonyesha mlangoni lazima yalingane. Yasipolingana hufanyi mtihani, na ada imekwenda. Mtu amesoma miezi minne, anarudishwa kwa sababu ya i moja ya Omari.

OMARI: Au ameandika "Dr" kwenye kisanduku cha jina la kwanza.

ZUHURA: Hilo lipo sana! Udaktari si jina, jamani. Na kwa Tanzania bara kuna jina jingine la kuangalia, la Baraza lenyewe. Ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar wana lao, kwa sababu afya si jambo la Muungano. Mhakiki aliye mbali anasoma Tanganyika na fomu inasema Tanzania. Andika nchi Tanzania, jina la mamlaka liandike kama lilivyo kwenye leseni, na weka anwani ya barua pepe rasmi ya Baraza. Usilitafsiri, usilisahihishe.

OMARI: Dakika zinakwenda, na tuko hatua ya kwanza na nusu. Barua ya uzoefu, tafadhali, maana hii inawaangusha mabingwa hasa.

ZUHURA: Inawaangusha vibaya. Barua iwe na kichwa cha hospitali, tarehe ya kuanza na ya kuacha kwa siku, mwezi na mwaka, jina na cheo cha aliyetia saini, mhuri, na barua pepe ya hospitali. Ukiweka ya Gmail ya ofisa utumishi, na huyo ofisa akahama, umekwisha. Lakini kubwa ni cheo chako. Daktari amemaliza MMed, amerudi kituoni, anafanya kazi za ubingwa kila siku, ila kada yake haijabadilishwa, bado kwenye utumishi anasomeka Daktari wa kawaida. Barua inatoka hivyo. Kule wanahesabu miaka ya ubingwa, na wanaihesabu baada ya kufuzu na kusajiliwa kama bingwa. Miaka mitatu ya jasho inasomwa sifuri.

OMARI: Kwa hiyo usajili wa ubingwa kwenye Baraza usiuache.

ZUHURA: Mwezi uleule wa matokeo. Na kada ifuatilie kwa maandishi. Barua ya uzoefu nayo itaje idara na aina ya kazi, mradi yote yawe kweli, maana watampigia aliyesaini.

OMARI: Sasa hapa ndipo nilipotaka tufike. Vyote hivi afanye lini? Mimi nasema kabla ya kutafuta kazi. Uhakiki umalizike, mtihani upite, barua ya kustahili leseni ya DHA, mamlaka ya afya ya Dubai, iwe mkononi. Waajiri wa Dubai wakipokea wasifu wanatafuta kwanza nani amekwishapata barua ile. Aliye nayo anaweza kuanza mapema, kwa sababu kituo kinabaki kuiwasha leseni tu. Asiyenayo ni ahadi.

ZUHURA: Sikubali, kaka Omari. Barua ile ina mwaka mmoja. Umeipata Januari, kazi ikatokea Riyadh. Saudia ina tume yake ya taaluma za afya, SCFHS, na mlango wake wa maombi mtandaoni, Mumaris Plus, na mtihani wake. Umelipa Dubai, unaanza tena kulipa.

OMARI: Ripoti ya DataFlow inahamishwa kwa ada, huanzi upya. Shahada haichachi.

ZUHURA: Shahada haichachi, cheti cha Baraza cha kwamba huna shauri la nidhamu kinachacha. Dubai wanataka kisizidi miezi sita. Na hizo fedha ni za nani? Bingwa wa serikalini mwenye watoto shuleni analipa uhakiki wa vyeti vinne, leseni, mtihani, tafsiri, na hana hata barua ya mwajiri. Sheria ya kazi ya Saudia, kifungu cha 40, inamtwisha mwajiri gharama za kumleta mfanyakazi. Ngoja ofa ya maandishi, weka sharti la kurudishiwa.

OMARI: Kifungu cha 40 nakijua. Kinataja gharama za kumwajiri mgeni, iqama yaani kibali cha ukaazi, kibali cha kazi, viza ya kutoka na kurudi, tiketi ya kurudi kwao mwishoni. Hakisemi uhakiki wa taaluma ya daktari.

ZUHURA: Gharama za kumwajiri ni pamoja na hiyo. Bila huo uhakiki hawezi kumwajiri!

OMARI: Huo ni usomaji wako. Mwajiri atakwambia leseni ni mali yako, utaondoka nayo.

ZUHURA: Na nitamwambia anaihitaji yeye kabla yangu. Omari, nakuuliza kweli: utamwambia mtu akope SACCOS kwa kazi ambayo haipo?

OMARI: Asikope. Aanze na shahada moja, alipe kidogo kidogo. Lakini asikae kungoja ofa. Uhakiki ukikwama miezi, na ofa inakufa. Huyo daktari wako wa watoto angekuwa na ofa sasa hivi, ingekuwaje?

ZUHURA: Angekuwa na mwajiri wa kusaidia kukisukuma chuo.

OMARI: Mwajiri hasukumi chuo, anamchukua anayefuata.

ZUHURA: Hapo hatutakubaliana leo.

OMARI: Wala wiki ijayo. Zimebaki dakika mbili. Nilikuwa na usaili, mkataba, muda wa majaribio, familia...

ZUHURA: Hazitoshi, acha. Usizikimbize watu wakashika nusu. Wewe daktari mwenye mtihani wiki hii: chukua uthibitisho wa miadi ya Prometric sasa hivi, uuweke kando ya pasipoti, soma jina herufi kwa herufi, pamoja na la baba. Kuna tofauti, wasiliana nao leo warekebishe. Mlangoni hakuna wa kukusaidia.

OMARI: Na kile cheti cha nidhamu cha Baraza kiombe mwisho, majibu ya chuo yakisharudi.

ZUHURA: Hilo angalau tumekubaliana. Zima, tumepitisha.