Boksi la Sabufa: Kuziba au Kutoboa?

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni boksi la sabufa ya kujitengenezea. Spika ya inchi 12 imeshanunuliwa, iko mezani, na fundi seremala pale Majengo anadai vipimo akate mbao. Kaka Mathias, apewe vipimo gani?

MATHIAS: Asipewe kitu kwanza, dada. Itafutwe karatasi iliyokuja na spika. Humo kuna namba tatu zinazoamua kila kitu: Fs, Qts na Vas. Fs ni masafa ambayo koni inapenda kutikisika yenyewe ikiwa nje ya boksi. Qts inaonyesha koni inadhibitiwa kiasi gani. Namba ikiwa ndogo, sumaku inaikaba sana. Vas ni lita za hewa ambazo ulaini wake unalingana na ulaini wa kingo za mpira pamoja na spaida, kile kitambaa cha mikunjo kinachoshika koili nyuma ya koni.

NEEMA: Utaratibu huo ulijengwa na wahandisi Thiele na Small kule Australia, miaka ya 1960 na 1970. Kabla yao boksi lilikuwa kazi ya kukisia. Na bado watu wanakisia, wanaiga boksi la jirani kwa sababu linatikisa bati.

MATHIAS: Boksi la jirani ni la spika ya jirani. Ukiweka spika yako humo unacheza bahati nasibu.

NEEMA: Haya, namba ziko mkononi. Nazisomaje?

MATHIAS: Qts ikiwa 0.45 kwenda juu, ziba boksi. Ikiwa chini ya 0.4, spika hiyo inataka boksi lenye tundu. Katikati hapo unachagua mwenyewe. Ikipita 0.7, boksi la kawaida haliifai; utahitaji boksi kubwa mno na mlio utakuwa wa kuvimba. Kipimo kingine: gawanya Fs kwa Qes, namba nyingine ya karatasi hiyohiyo inayoonyesha udhibiti wa sumaku na koili peke yake. Jibu likiwa chini ya 50, ziba. Likikaribia 100 au kuzidi, toboa.

NEEMA: Tupige hesabu ya kuziba. Fs hezi 28, Qts 0.45, Vas lita 80.

MATHIAS: Tunalenga Qtc ya 0.707, yaani spika ikiwa ndani ya boksi isivimbe wala isinyong'onyee. Gawanya 0.707 kwa 0.45, unapata 1.57. Izidishe kwa yenyewe, 2.47. Toa moja, 1.47. Vas gawanya kwa hiyo: lita 80 kwa 1.47, ni kama lita 54 na nusu. Na masafa ya boksi yatakuwa 28 mara 1.57, hezi 44.

NEEMA: Mtu akisema, hapana, sebule yangu ndogo, nataka lita 20?

MATHIAS: Qtc inapanda hadi 1, masafa ya boksi yanafika hezi 63. Utasikia mdundo mnene eneo la hezi 70 na 80, halafu chini ya hapo unakatika mapema. Wengine wanaupenda kwa dakika tano za mwanzo. Mimi sishauri.

NEEMA: Na zile lita 54 ni za hewa tupu, tusisahau. Spika yenyewe inakula kama lita 3, mihimili ya ndani lita 2. Kwa hiyo boksi lijengwe la lita 60.

MATHIAS: Sentimita 36 kwa 38 kwa 44, vipimo vya ndani. Kwa MDF, ile mbao ya unga uliogandamizwa, ya milimita 18, ongeza sentimita 3.6 kwa kila kipimo: 39.6 kwa 41.6 kwa 47.6 kwa nje. Mwambie fundi waziwazi ni vipimo vya ndani au vya nje, maana makosa mengi yanaanzia hapo. Tundu la spika lisikatwe kwa kukariri. Pima spika uliyonayo.

NEEMA: Ndani ya boksi la kuziba weka pamba ya mto, ile ya polista, gramu 400 hadi 500, ilegee isishindiliwe. Hewa inaonekana kwa spika kama imeongezeka kidogo. Isiguse koni, na isizibe kitundu cha nyuma ya sumaku kama kipo.

MATHIAS: Kuziba kunasamehe. Ukikosea lita tano, sikio halitakulaumu sana. Kwenye tundu hakuna huruma hiyo.

NEEMA: Twende huko sasa. Spika yenye Fs 30, Qts 0.36, Vas 80.

MATHIAS: Hiyo inataka kama lita 55 za hewa, na bomba la tundu lipigwe hezi 32, yaani urefu wake uchaguliwe ili boksi lilie kwenye masafa hayo. Chukua bomba la PVC la inchi 4, pima kipenyo cha ndani. Tuseme sentimita 10.4. Hesabu: 23,562 mara kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa lita, gawanya kwa hezi mara hezi. Kwenye jibu toa kipenyo mara 0.73. Kwa namba zetu, urefu ni kama sentimita 38.

NEEMA: Kwa nini nisitumie bomba la inchi 3? Litakuwa fupi.

MATHIAS: Likiwa na sentimita 7 kwa ndani, urefu unashuka hadi 15. Linaingia vizuri, hesabu inakubali, lakini ukipandisha sauti hewa inapita kwa kasi na bomba linapuliza kama mbiu. Na ukisema uweke mawili ya inchi 4 ili hewa itulie, kila moja litahitaji karibu sentimita 83. Ndiyo maana wengi kwa inchi 12 wanaishia kwenye bomba moja la inchi 4 na kuheshimu kitufe cha sauti.

NEEMA: Na mdomo wa ndani wa bomba uachwe mbali na ukuta wa nyuma, angalau upana wa bomba lenyewe. Bomba la 38, nafasi ya 10, tayari ni 48 kwenda nyuma. Boksi likiwa fupi, tumia kiwiko cha PVC na upime urefu katikati ya bomba, si pembeni. Bomba nalo linakula lita 3.6, kwa hiyo boksi zima linakwenda kwenye lita 64.

MATHIAS: Kata bomba refu kwanza, 42 hivi. Funga kila kitu, piga toni, yaani sauti ya masafa mamoja, kutoka simu, shuka kutoka hezi 50 taratibu huku ukitazama koni. Pale inapotulia karibu isimame wakati bomba linapumua kwa nguvu, hapo ndipo boksi limepigwa. Ukikuta hezi 30 na unataka 32, punguza bomba sentimita moja moja.

NEEMA: Hapo hatari iko wapi?

MATHIAS: Chini ya hezi 32. Bomba linaacha kuibana koni, na koni inaruka bila breki. Koili inagonga sahani ya nyuma, unasikia "tak, tak", na spika imekwenda. Amplifaya iwe na kichujio kinachokata chini ya hezi 28 hivi. Bodi nyingi za bei rahisi hazina. Kama huna na hutaki kununua, ziba boksi, hata kama Qts inaruhusu tundu.

NEEMA: Hapo tuko pamoja kabisa. Sasa swali la msikilizaji wa Kizota: spika haina karatasi, haina jina, ina sumaku kubwa tu.

MATHIAS: Sumaku kubwa si ushahidi. Tafuta Fs. Unganisha rizista ya omu 100, wati 5, kati ya amplifaya na spika. Spika ishikwe hewani, isilale kifudifudi mezani. Piga toni, pima volti kwenye miguu ya spika. Pale volti zinapopanda juu kabisa ndipo Fs ilipo.

NEEMA: Mita iwe na kipimo cha volti 2 za AC. Zile za bei ndogo zinazoanzia volti 200 za AC zinasoma kwa hatua kubwa mno, kilele hukioni vizuri.

MATHIAS: Fs ikija hezi 55, kingo ni za kitambaa kigumu, hiyo ni spika ya muziki wa ukumbini. Haitashuka, uifungie boksi la dhahabu. Ikija 25 hadi 35, ziba lita 50 hadi 60 na usikilize. Ikinguruma kupita kiasi, ongeza pamba. Mdundo ukinyong'onyea, ingiza vipande vya mbao ngumu ndani kupunguza hewa, vikazwe kwa skrubu.

NEEMA: Vipi yale maboksi ambayo spika imefichwa katikati, sauti inatoka tunduni tu?

MATHIAS: Kwa mtu wa kwanza kujenga, hapana. Vyumba viwili, hesabu mbili, na spika ikiumia husikii inavyolia.

NEEMA: Ujenzi. Huku Dodoma kiangazi kikali, plaiwudi ikikatwa ikaachwa juani nje ya karakana inapinda kabla ya jioni. Ilazwe kivulini juu ya sakafu iliyonyooka. Gundi ya mbao nayo inakauka juu haraka. Paka upande mmoja, unganisha, kaza skrubu, ndipo uende mwingine. Toboa kwanza kwa keekee, la sivyo MDF inapasuka kwenye ukingo. Ndani pitisha silikoni kila kona na uiache siku nzima kabla ya kufunga spika, maana mvuke wake unaweza kuharibu gundi ya koni.

MATHIAS: Kuvuja jaribu kwa ubani. Piga toni ya hezi 20, sauti ndogo, pitisha moshi kwenye maungio na kwenye kikombe cha waya, pale nyuma ya boksi unapounganisha waya. Moshi ukicheza, pana tundu. Kikombe cha waya ndicho kinachovuja mara nyingi kuliko maungio. Na bomba lisitazame juu. Vumbi la hapa litaingia ndani ya boksi.

NEEMA: Chumba cha futi 12 kwa 12?

MATHIAS: Mraba ni balaa. Mawimbi ya hezi 47 yanasimama urefu na upana sawasawa, kwa hiyo noti moja inalipuka na nyingine zinapotea. Weka sabufa pale unapokaa, piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha inama utembee kandokando ya kuta. Pale besi inaposikika sawa kila noti, iache hapo. Mara chache ni kwenye kona.

NEEMA: Singeli je? Midundo zaidi ya 200 kwa dakika.

MATHIAS: Ziba. Tundu linaendelea kulia kidogo baada ya pigo, na kwa kasi hiyo ukali wa mapigo unaweza kupungua. Kwa bongo fleva ya taratibu au kinanda cha kwaya, tundu lililopigwa vizuri linakupa mshuko ambao boksi la kuziba la ukubwa huo halina, kwa amplifaya ileile.